Kete ya Mwingereza

Mfyuuu! Ngojeni nisonye kwanza, nisije nikapaliwa na kahawa.

Jana si kapita hapa kijana mmoja, tai shingoni, katukuta tumeinamia drafti letu la vizibo? Katutazama juu mpaka chini, akasema: "Wazee, badala ya kucheza mngejifunza Kiingereza." Huyo, kaenda zake. Hata jibu hakungoja.

Sasa jibu lake hili hapa. Miaka ya 1930, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuwa wakifukua makaburi huko Caistor St Edmund, Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Wakatoa chungu chenye majivu ya maiti, cha karne ya 5. Ndani mna nini? Upanga? Taji? Wapi! Kete, bwana. Kete pamoja na vifupa vya vifundo vya miguu, vingi vya kondoo, vya kuchezea. Marehemu kazikwa na mchezo wake!

Kifupa kimoja ni cha kulungu mdogo wa kulekule, na juu yake zimechorwa herufi 6 za kiruni, maandishi ya kale ya watu wa kaskazini mwa Ulaya. Wataalamu wakasoma: *raihan*.

"Si mrehani huo?" kadakia Mzee Kombo.

Tulia, mzee wangu. Ni huyohuyo kulungu, ambaye Waingereza wa leo humwita *roe*. Wasomi bado wanabishana lahaja ni ya nani hasa, ila wengi wanalihesabu neno hilo miongoni mwa maneno ya Kiingereza ya kale kabisa yaliyopata kuandikwa.

Mmeona? Si neno la mfalme wala la kadhi. Mtu kashika kifupa cha kulungu, akaandika "kulungu". Ni kama mimi niandike "kizibo" juu ya kizibo! Na lugha yenyewe ilivushwa bahari na wahamiaji kutoka pande za Ujerumani na Denmark, watu wasiojua tai ni kitu gani.

Kwa nini aliandika? Mimi nashuku mpinzani wake alikuwa na mkono mwepesi. Kete isiyo na alama huhama yenyewe.

Kijana akirudi, mwambieni masomo yanaendelea. Na wewe Mzee Kombo, fungua kiganja hicho. Kizibo changu kiko wapi?