Punguzo la Njugu

Hapo zamani za juzi, kindi wa Lawrence Heights, mtaa wa Toronto uliopasuliwa katikati na barabara ya Allen, walianza kusoma kwa Bundi bila kutoa njugu. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia mwaka 2017: kaya ambayo kipato chake hakifiki njugu 50,000 kwa mwaka, ada yake ibebwe na ghala la jimbo.

Januari 2019 Dubu mpya wa Queen's Park, makao ya serikali ya jimbo, akapanda kisiki. "Wanangu, nimeikata ada kwa asilimia 10!" Msitu ukalipuka vigelegele. Kindi mmoja msumbufu akanyoosha mkia: "Mtukufu, asilimia 10 ya sifuri ni ngapi?"

Hakujibiwa, maana tangazo lilelile lilifuta ule msamaha wa ada. Waliokuwa hawalipi wakaanza kulipa, ila kwa punguzo. (Sina ugomvi na punguzo, nataka tu kujua limetoka mfukoni mwa nani.)

Dubu hakufidia pengo, na ada akaigandisha mwaka baada ya mwaka. Bundi wazee wakastaafu, nafasi zao zikapewa bundi wa kibarua, wenye mikataba ya miezi minne. Wanafunzi wakajaa chini ya mti hata kindi wa safu za nyuma wasijue Bundi ana macho mangapi. Panya Mhasibu akasema msongamano ni dalili ya chuo kupendwa.

Kisha akaita bata bukini wa mbali, wanaotozwa ada mara kadhaa ya kindi. Wakalipa, nao wakaketi nyuma kulekule. Januari 2024 mkubwa mwingine, wa serikali ya shirikisho huko Ottawa, akaweka kikomo cha bata. Mwezi uliofuata vibarua wa Chuo Kikuu cha York, kaskazini mwa mtaa, wakagoma. Februari 2025 York ikatangaza kusitisha kupokea wapya katika programu 18.

Mwaka wake wa mwisho, yule kindi msumbufu alihitaji barua ya mwalimu ya kumtambulisha kwa mwajiri. Akapenya umati, akaufikia mti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Nimesoma kwako muhula mzima."

"Naamini," akasema Bundi, akifunga mkoba. "Sema jina upesi, mwanangu. Mkataba wangu unaisha leo."