Baiskeli Isiyo na Kiti

Tangu dada yangu mkubwa atumiwe picha ya baiskeli ya kijana wangu, heshima yangu kule nyumbani Tabora imeshuka. Alipiga simu usiku uleule, hata salamu hakutoa.

“Mdogo wangu, maisha ya Uingereza yamekuwa magumu kiasi hicho? Mtoto mmemnunulia baiskeli, kiti mmeshindwa kumalizia?”

Nikamweleza kwamba ndivyo ilivyotoka kiwandani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nililipa bei kamili.

Hapo alinitonesha. Baiskeli haina kiti, haina karia, haina madigadi, kengele wala taa. Gia ni moja tu. Magurudumu ni ya inchi 20, kama ya mtoto mdogo, ilhali mwenyewe ana miaka 15 na amenipita kimo. Kila walichokiondoa kiliongeza bei. Na huo ni mtumba, pauni 450. Wangeondoa na usukani, nisingeimudu kabisa.

Mchezo wenyewe wanauita trayali. Unapanda mawe, magogo na kuta kwa baiskeli bila kuweka mguu chini. Kwenye mashindano yake, ukigusa chini unahesabiwa pointi, zikifika tano umeshindwa hicho kipande, na anayerudi nyumbani na pointi chache kuliko wote ndiye bingwa. Kijana alipoanza alikuwa anarudi na pointi nyingi mno, nami kwa ujinga wangu nikampongeza mbele ya wazazi wenzangu.

Kiti hakipo kwa sababu muda wote amesimama, anarukaruka kwa gurudumu la nyuma kama kangaruu, na kiti kingempiga pabaya. Hilo nimelielewa. Yaliyobaki ndiyo yanayonitoa jasho.

Marehemu baba alikuwa na Raleigh nyeusi. Breki zake zilikuwa fito za chuma zilizoteremka kutoka kwenye usukani na kuvuta raba mbili ndogo. Raba zikiisha, fundi wa chini ya mwembe alikata kipande cha kandambili, akakichonga, akakipachika, safari ikaendelea. Sasa mimi naishi Nottingham, mji ambao Raleigh zile zilitoka. Kiwanda kilifunga kazi mwishoni mwa 2002, na pale kilipokuwa leo wanafunzi wa chuo kikuu wanapita na vikombe vya kahawa. Nikipita naye kijana, humwonyesha na kumwambia babu yake alibebea mahindi, wagonjwa na bibi harusi mmoja kwenye mali ya hapa. Yeye huuliza breki zilikuwa za aina gani. Nikimtajia kandambili, hucheka mpaka anashika ukuta.

Breki za kijana ni za mafuta, zinabana ringi. Kampuni ya Kijerumani ya Magura imekuwa ikizitengeneza tangu 1987, na ni kazi safi, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu uko kwenye ringi. Siku ringi mpya ya nyuma ilipofika, kijana aliniambia lazima tuichune. Nikadhani ana maana ya kuitoa nailoni. Akaja na grainda. Ringi ambayo haijagusa ardhi, inayong’aa hata unaona meno yako, akaiwashia disiki na kuichanachana pande zote mbili huku nimesimama pale na risiti mkononi.

Sababu ipo. Akisimama kwenye ncha ya jiwe, gurudumu halitakiwi kuteleza hata unene wa ukucha, na breki haing’ati kitu laini. Ikichunwa inang’ata, tena kwa sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Jirani wa kushoto alikuja kuuliza kama tunafuga. Baada ya wiki kadhaa mikwaruzo inalainika, grainda inarudi, ringi inazidi kuwa nyembamba, mpaka siku inapopasuka tunanunua nyingine. Yaani nanunua kitu kizima ili nikiharibu, halafu nakiharibu upya kila kinapotaka kupona. Wapo wasiopenda grainda, wao husugulia lami kwenye ringi laini. Lami, ya barabarani. Nilipolisikia hilo niliacha kulalamikia grainda kwa siku mbili nzima.

Na vipande vya breki navyo vina ukabila wao. Vya ringi iliyochunwa havifai kwenye ringi laini, na vya ringi laini huisha upesi kwenye iliyochunwa. Duka moja la mtandaoni lilituletea visivyofaa. Nikasema tuvitumie tu, breki ni breki. Jumamosi moja vikawa unga.

Halafu kuna suala la mafuta. Mtengenezaji amekuuzia breki na mafuta yake maalumu ndani. Vijana hawa wanayamwaga na kujaza maji. Maji ni mepesi, wanasema, mkono wa breki unarudi haraka kidoleni. Sawa. Lakini hii ni Uingereza. Asubuhi moja ya Januari mkono wa breki ulikuwa mgumu kama mwiko uliosahauliwa kwenye ugali, maana maji yote yameganda. Ikabidi twende dukani kununua dawa ile inayotiwa kwenye rejeta ya gari ili maji yasigande. Nikamuuliza kama mafuta tuliyoyamwaga yalikuwa yanaganda. Akasema, “Baba, huelewi.” Kweli sielewi.

Friwili nayo. Kwa sisi tuliokulia kwenye baiskeli, friwili iko nyuma, kama mkia wa ng’ombe. Hii iko mbele, kwenye pedeli, na nyuma kuna spoketi iliyokazwa tu. Maana yake gurudumu likizunguka, mnyororo unakwenda hata kama pedeli zimetulia. Mwenye mazoea ya zamani, akifuta mnyororo kwa kitambaa huku anazungusha gurudumu kwa mkono wa pili, anaweza kupeleka kidole kwenye spoketi. Ukucha umeanza kuota tena, nashukuru.

Ukienda kununua friwili unaulizwa unataka ya mishiko mingapi kwa mzunguko. Kuna ya 72 na kuna ya 108. Ya 72 pedeli huenda digrii tano kabla ya kushika, ya 108 huenda tatu na kitu. Hiyo digrii moja na kitu ndiyo ninayoilipia. Mimi nimetoka Tabora mjini hadi Kwihara na gunia la mahindi nyuma, kwenye baiskeli ambayo pedeli ilizunguka robo nzima kabla ya kushika, na mahindi yalifika.

Lakini hapa niseme ukweli, ingawa unaniuma. Siku moja nilikwenda kumtazama msituni, Derbyshire. Alisimama kwa gurudumu la nyuma juu ya jiwe lililonipita urefu, breki imebana, mbele yake pengo, ng’ambo jiwe jingine. Ili avuke, anaachia breki na kukanyaga pedeli mara moja kwa nguvu zote, anaruka. Friwili ikikwepa hapo, au mnyororo ukikatika, kifua kinakutana na usukani na meno yanakutana na jiwe. Nilifumba macho. Niliposikia mbuzi analia upande wa pili ndipo nilipoyafumbua. Tangu siku hiyo sibishanii bei ya mnyororo. Hununua ule mnene, hupima ulivyorefuka, na hauvuki mwezi wa nne kabla sijautupa, ukiwa bado mzima wa kuvuta kisima. Mama yake anaudhika kwamba bei ya sabuni naizozania dukani, ya mnyororo siilalamikii.

Tairi sina la kusema, ni nene na linatiwa upepo kidogo hadi gumba linazama. Fremu huoshwa kila Jumapili, si kwa usafi, tunatafuta nyufa. Alumini haikuagi. Anamulika kwa tochi chini ya usukani na kwenye maungio ya pedeli, mimi nafuatisha kwa kitambaa, na ufa ukionekana hakuna kuchomelea, ni kutupa. Fundi wa mwembeni angelia.

Nilitaka kujua nani alianzisha balaa hili, nikakuta ni baba mwenzangu. Miaka ya 1970 huko Katalunya, Hispania, Pere Pi, mpanda pikipiki aliyefanya kazi na kampuni ya Montesa, alitaka mwanawe Ot ajifunze mbinu za kupanda mawe akiwa bado mdogo kwa pikipiki, akamwekea baiskeli. Ot akaja kuwa bingwa wa dunia, na baba akawa mtengenezaji wa baiskeli za Monty. Angalau yule alipata kiwanda. Kijana wangu yeye anamwamini Danny MacAskill, Mskoti wa kisiwa cha Skye, ambaye mwaka 2009 video yake akipita juu ya ncha za uzio jijini Edinburgh ilimtoa kwenye ufundi baiskeli ikampa umaarufu. Huwa namkumbusha kwamba alikuwa fundi kwanza. Naye hunikumbusha kwamba baiskeli ya MacAskill ina kiti.

Kuhusu kiti, mwezi uliopita binamu yetu alitua kutoka Tanzania na mzigo wa dada: kilo mbili za karanga, asali ya Tabora, na chini kabisa, ndani ya gazeti, kiti cha baiskeli. Cheusi, kipana, kina springi mbili nyuma, kile cha wazee. Na kikaratasi: “Mwambie mwanangu akae, shangazi yake yupo.”

Fremu haina hata tundu la kukichomekea. Nilihangaika nacho kwa saa nzima, kijana ananitazama kwa huruma. Nimekifunga kwa nati kwenye kigoda cha gereji. Ndicho ninachokalia kila Jumapili nikimshikia tochi, na kwa kweli kiko vizuri sana. Dada alipouliza kama kinatumika, nilimjibu kila wiki.