Kwa Heshima ya Taa ya Injini

Washairi wamesifu mwezi, wamesifu nyota, wapo waliosifu hata kibatari. Taa ndogo ya rangi ya chungwa inayokaa kwenye dashibodi, yenye mchoro wa injini, haijapata mtu. Leo imempata.

Nianze na uaminifu wake. Umeme wa nyumbani hukatika, maji ya bomba yana ratiba yake, lakini taa ya injini ikishawaka imewaka. Iwe foleni ya Mbagala au barabara tupu ya Chalinze saa nane usiku, mnasafiri wote. Niutaje pia mchango wake katika ajira: Gerezani na Ilala kuna nyumba zilizopauliwa kwa fedha zake, na baadhi ya bati nina hakika ni zangu. Hizo ni sifa za juu juu.

Sifa yake kuu ni sitara. Taa hii inajua siri za gari lako na haisemi. Nyuma yake imekaa kompyuta yenye orodha ya hitilafu kwa mamia, kuanzia mfuniko wa tangi la mafuta usiokazwa vizuri hadi silinda isiyochoma, na kwa hitilafu zote hizo taa ina uso mmoja. Binadamu gani ana adabu hiyo? Jirani akimwona mumeo Kinondoni na mtu asiyemfahamu, kabla ya magharibi utakuwa umeshapata jina, rangi ya gauni na walichokunywa. Taa ya injini itakwambia tu kwamba kuna jambo. Uliza jambo gani: inakutazama. Gonga dashibodi kwa ngumi: inakutazama. Zima gari, piga bismillahi, washa tena: wenzake wote wanazimika, yenyewe inabaki na uso wake uleule. Hata ikifika mwisho wa uvumilivu, silinda inakosa moto kiasi cha kuweza kuunguza masega ya ekzosi, haipigi kelele. Inapepesa tu. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya harusi, vya ukoo na vya mirathi, na sijakutana na mzee mwenye kifua cha namna hii.

Wamarekani, watu wasiojua kustahi, walishindwa kuvumilia. Kuanzia magari ya mwaka 1996 walilazimisha kila gari dogo jipya linalouzwa kwao liwe na soketi ya aina moja karibu na usukani, ili mashine ichomekwe na siri itoke. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani nayo yana soketi hiyo. Lakini hata hapo siri haitoki yote. Langu lilipochomekwa mashine lilitoa P0135, yaani kuna hitilafu katika saketi ya hita ya sensa ya kwanza ya oksijeni. Saketi nzima: fyuzi, rilei, waya, soketi, hita yenyewe, mpaka kompyuta inayoifungia ethi. Mkosaji ni mmoja kati ya hao, na taa, kwa heshima zake, haimtaji.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata wangu alikuwa fundi. Akasoma ile namba akatangaza, "Bosi, sensa imekufa." Nikanunua sensa ya mtumba. Taa ikarudi. "Hiyo uliyouziwa nayo mbovu, bosi." Nikanunua mpya. Taa ikarudi. Zikafuata plagi, zikafuata koili, vitu ambavyo na hita ya sensa havina undugu hata wa kunyonya. Mita hakushika. Wala hakuwa nayo! Mtu ana gereji, ana bango, ana vijana wanaomwita mwalimu, na hana mita inayouzwa kwa bei ya kilo chache za nyama. Alipoishiwa vya kubadilisha akanipa hukumu: "Hizi gari za Mjapani ndivyo zilivyo. Wewe endesha tu."

Kazi yenyewe ni hii. Unachomoa soketi ya sensa, unapima hita: ikiwa nzima inasoma ohm chache, ikikatika mita haisomi kitu. Unazungusha ufunguo, unapima upande wa nyaya: unatakiwa ukute umeme wa betri. Kwangu hapakuwa na kitu. Sensa zilikuwa nzima, ile ya zamani pamoja nazo. Mzee mmoja, fundi umeme wa chini ya mwembe, aliufuata waya kwa vidole mpaka ulipopita jirani na ekzosi. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, shaba imegeuka kijani, umekatika. Akaunga, akachomea risasi, akavisha mpira. Bei aliyotaja ni aibu kuiandika karibu na bei ya zile sensa.

Hata hivyo wabadilishaji wana nafuu. Wapo wanaoamini kwamba taa ndiyo ugonjwa. Mwanafunzi wao hubandika utepe mweusi juu yake. Aliyeiva kidogo hufungua dashibodi akachomoa glopu. Bingwa anajua kwamba mteja mjanja atazungusha ufunguo bila kupiga stata, maana hapo taa zote hutakiwa kuwaka kwanza. Kwa hiyo huuchukua waya wa taa ya injini akauunga kwenye taa ya oili, ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Angalia ujuzi huo! Mtu anayeisoma saketi ya dashibodi, akajua waya upi unakwenda wapi, akaunga bila kuacha alama, huyo angeweza kulitengeneza gari kwa muda uleule. Amelipwa asilitengeneze.

Na anayelipa hajifichi. Yupo yadi, anapangusa boneti. Barabarani nako mambo ni salama: nimesimamishwa taa ikiwa imewaka, askari akaomba kizimamoto na pembetatu, akanitakia safari njema. Stika ya ukaguzi nimeiona ikinunuliwa huku gari lenyewe liko nyumbani juu ya mawe. Maofisini wanaifahamu vizuri kazi hii ya dashibodi: mkaguzi wa ndani akiandika barua mbili, ya tatu anaiandikia wilaya nyingine.

Basi msomaji, ukienda kununua gari, waache wakusifie rangi na rimu. Zungusha ufunguo, usipige stata, tazama taa ya injini. Isipowaka, rudisha ufunguo. Ikiwaka na kuzimika vizuri baada ya stata, bado chomeka mashine. Kompyuta ikisema imewasha taa na wewe unaona giza, mwombe muuzaji namba ya fundi wake wa umeme, kwa sababu huyo anaijua kazi. Gari waachie wenyewe.