Wapangaji wa Kudumu wa Bottesford

Ukiingia kanisa la Mtakatifu Maria kijijini Bottesford, Uingereza, usihangaike kuitafuta madhabahu. Ipo, nyuma ya akina Manners. Ukoo huu wa ma-Earl (makabaila) wa Rutland, wenye ngome yao pale Belvoir, uliona Mwenyezi Mungu amejikatia eneo kubwa kuliko mahitaji yake, basi ukamsaidia kulijaza kwa makaburi ya alabasta. Earl wa pili, aliyefariki mwaka 1563, amelazwa na mkewe chini ya meza ya mawe yenye miguu minene iliyochongwa. Utadhani wageni wa karamu waliozidiwa na mvinyo.

Kaburi la Earl wa sita, aliyekufa 1632, limepanda karibu liguse dari. Maandishi yake yanatangaza, humo humo kanisani, kwamba wanawe wawili waliuawa utotoni kwa uchawi. (Kanisa hilo hilo la Kianglikana baadaye likatuletea wamisionari wa kutuonya tuache kusingiziana uchawi. Ahsanteni.) Kwa tuhuma hizo Margaret na Philippa Flower, watoto wa mama mmoja waliowahi kutumikia ngomeni, walinyongwa Lincoln mwaka 1619. Mama yao alifia njiani akipelekwa gerezani. Hao hakuna aliyewachongea meza.

Karne ya 19 ukoo ukajijengea jumba la makaburi huko huko Belvoir, na kuhama. Mizigo waliiacha. Waumini wangali wanamchungulia padri katikati ya mabwana waliolala.