Namna ya Kumpiga Mpigaji Changa la Macho

Mkono wako hauna kasi, ndugu yangu? Usijali. Katika besiboli ya Marekani wapo waliopata heshima kwa mpira unaojikokota. Sogea karibu nikupe siri.

1. Mtishe mpigaji kwanza. Rusha mpira mmoja au miwili kwa nguvu zako zote. Kutoka unaposimama hadi kwake ni mita 18.44, na mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia kabla ya nusu sekunde. Hana nafasi ya kuutazama kisha kuamua, kwa hiyo gongo lake analiachia kwa kukisia. Makisio hayo ndiyo unayoyaharibu.

2. Sasa danganya. Mpira wa kasi hushikwa kwa ncha za vidole. Huu wa pole uzamishe kiganjani. Mkono uzungushe kwa ukali uleule! Wengi huumbuka hapa: wanalegeza mkono, mpigaji anang'amua, mpira unaishia kwa watazamaji. Uso, hatua, bega, vyote viape kwamba kasi inakuja. Mpira pekee ndio upungukiwe kilomita kama 15 kwa saa, naye atachapa hewa. Trevor Hoffman aliumia bega, kasi ikamtoroka, akaunoa mrusho huu. Alistaafu akiwa amefunga kazi katika ushindi 601 wa timu zake, na mwaka 2018 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, Cooperstown.

3. Ukiwa na moyo mgumu, urushe juu kabisa. Rip Sewell wa Pittsburgh Pirates alijeruhiwa mguu kwa bunduki mawindoni mwaka 1941, akalazimika kubadili mtindo. Mpira wake ulipaa, kisha ukamshukia mpigaji kama embe bivu. Mwenye misuli gani ataliacha? Anajikaza, anatamani kuupeleka mji wa pili, anaukosa. Tamaa yake inakufanyia kazi bure.

4. Usinogewe. Mwaka 1946, kwenye mchezo wa nyota huko Fenway Park, Boston, Sewell alimrudishia Ted Williams mpira huohuo. Williams akasogea mbele, akautoa nje ya uzio. Mwaka 1975 Bill Lee wa Boston Red Sox alimjaribu Tony Pérez hivyohivyo katika mechi ya mwisho ya fainali, timu yake ikiongoza 3–0. Pérez naye akautoa nje, na timu yake, Cincinnati Reds, ikashinda 4–3.

Ukifanikiwa mara moja, rudi kwenye kasi, hata uwanja mzima ukikuomba urudie.