Doa la Marehemu

Hongera, mzee wa minada: umejipatia mashine ya kunyolea ya Gillette, mtumba halisi kutoka Marekani, na sasa hulali kwa sababu ya doa. Tuseme ukweli, sehemu kubwa ya unachokiita kutu ni sabuni iliyoganda ya marehemu fulani. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu vingeimaliza. Lakini wewe umekimbilia dawa ya kung'arishia shaba.

Haya, sugua. Nyingi za mashine hizo ni shaba ya njano iliyovikwa utando mwembamba wa nikeli. Zile za kifahari zilivikwa dhahabu, nayo ni nyembamba kweli. Unaondoa doa na utando pamoja, mpaka umanjano utokeze nawe uanze kutangaza kwamba umegundua dhahabu. (Ile dhahabu yenyewe uliifuta juzi kwa kitambaa.) Vishimo ndiyo kabisa havisuguliki, maana metali imekwisha kuliwa. Fundi atakubali kuivua na kuivika nikeli upya, kwa bei inayotosha kununua nyingine isiyo na doa.

King C. Gillette alipopata hataza yake mwaka 1904 alikusudia watu wanyoe. Kichwa kisipinde, skrubu ishike, wembe utokeze sawa pande zote mbili: hayo hukuyatazama hata kidogo. Ulikuwa ukijitazama kwenye mpini, na hata hapo, samahani bwana, hukuziona ndevu.