Bosi na Wanaompenda

Mbwa wa nyumbani kwetu anaitwa Bosi, na watu wa mtaa wetu hapa Tabata wanaamini tumbo lake halishindwi na kitu. Ameshakula sabuni ya mche. Ameshakula ndala ya mjumbe, ile ya kushoto, na mjumbe hajasamehe mpaka leo. Kwa hiyo kila mtu anajua kwamba kiumbe kama huyu hachungwi. Zinazochungwa ni ndala.

Mimi naona Bosi ana maadui wa kweli, nao ni watu wanaompenda.

Mfano ni mama mkwe wangu. Hawezi kumtazama mbwa anakula ugali na dagaa wakavu akanyamaza. Lazima ammwagie mchuzi uliobaki, vitunguu vyote ndani. Nikamweleza kwa adabu kwamba vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kitunguu saumu ndiyo kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Baba Neema," akasema, "kwa hiyo mbwa wako ana presha?"

Vitunguu vikapungua, akahamia kwenye juisi ya ukwaju, eti joto limezidi. Mwaka 2021 madaktari wa wanyama Marekani walieleza kuwa asidi ya tatariki ndiyo wanayoishuku kwamba hufanya zabibu ziharibu figo za mbwa, na ukwaju wetu umejaa asidi hiyo hiyo. Hilo sikumwambia. Nilihamisha jagi tu. Shemeji naye, alipomwona Bosi anachechemea, alichomoa diklofenaki kwenye pochi. Dawa hiyo humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, lakini shemeji alikuwa ameshaivunja nusu, "kwa sababu yeye mdogo."

Halafu kuna yule muuzaji anayepita na spika begani: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto! Sauti imerekodiwa na mtu asiyevuta pumzi. Dada wa kazi akanunua pakiti na, kwa nia njema kabisa, akaichanganya na dagaa ili panya wavutiwe. Akaweka sahani nyuma ya friji.

Panya hawakugusa. Panya wa Tabata wamesoma. Bosi, aliyelelewa kwa dagaa tangu anyonyeshwe, alilamba mpaka maua ya sahani yakaonekana.

Kikao kilijaa kabla sijavaa shati. Jirani mmoja alileta maziwa, mwingine mkaa alioutwanga kwenye kinu, mzee wa nyumba ya kona akaja na mafuta ya kula na mipango ya kumshika Bosi taya. Mjumbe alikuja kutazama tu.

Nikampigia bwana mifugo.

"Msimpe kitu mdomoni," akasema. "Maziwa hayaui sumu. Hayo mafuta mkimlazimisha yataingia mapafuni. Na mkaa wa dawa si huo wa jiko lenu. Mleteni sasa hivi, na pakiti."

Pakiti dada alikuwa ameshawashia moto.

"Ilikuwa ya rangi gani?"

"Pinki, daktari."

"Nyingi ni za pinki."

Wakati huo Bosi anatingisha mkia, na mwenye maziwa anajitangazia ushindi, ingawa maziwa yenyewe yalikuwa bado kwenye kikombe. Bwana mifugo alituvunja moyo: sumu nyingi za panya huzuia vitamini K isifanye kazi, damu ikashindwa kuganda, na mbwa huanza kuvuja damu ndani kwa ndani baada ya siku 3 hadi 5. Mbwa anayerukaruka leo bado hajapona kitu. Kwa kuwa tulimfikisha mapema, alichomwa sindano ya kutapisha, na dagaa wote wakarudi, wa pinki.

Tukarudi na vidonge vya vitamini K vya wiki kadhaa. Shida ni agizo lililokuja navyo: apewe pamoja na chakula chenye mafuta, ili vifyonzwe vizuri. Mama mkwe alinitaka nilirudie agizo hilo mbele ya watu, polepole.

Jioni hiyo nilimkuta jikoni, maini yanakaangika kwenye kikaango, kisu mkononi, kitunguu kwenye kibao. Tukatazamana. Akakirudisha kwenye tenga bila neno, akampakulia Bosi maini yote.

Sisi tulikula dagaa.